Siku Nzima Hewani

Mume wangu akiwa angani, mimi sili. Mara ya kwanza alipopanda ndege kurudi nyumbani kutoka kazini kwake, kwa hofu sikuweza kumeza hata maji. Tangu hapo ikawa nadhiri: akipiga simu asubuhi kusema wanapanda, siweki kitu mdomoni mpaka apige jioni kusema wametua. Miaka yote hiyo! Yeye hunicheka, lakini kupiga hajawahi kusahau.

Ijumaa hiyo alipiga kama kawaida. Nilifunika cherehani mapema, nikaenda ofisi ya tiketi na tumbo langu tupu. Nilitaka safari ijayo nimfuate mimi, nimshtukize. Woga wa ndege nilishaumeza.

"Mwanangu," nikamuuliza binti wa tiketi, "siku nzima hewani, mtu analala wapi?"

Akacheka mpaka akafunika mdomo. "Siku nzima, mama? Haifiki hata saa moja. Hata soda huimalizi."

"Kwa basi ni siku mbili!"

"Basi linazunguka milima yote. Ndege inapita juu."

Nikamwambia aache utani, mume wangu yuko angani tangu asubuhi. Akatazama kompyuta yake, kicheko kikamkauka. "Leo ni hiyo ya asubuhi tu, mama. Ilishafika zamani."

Nikapiga ukelele, foleni nzima ikageuka. "Imeanguka! Jamani, mume wangu!"

"Haijaanguka!" Binti alizunguka meza, akanishika mabega. "Tulia, mama. Imetua salama. Wote wameshuka."

Nikamkumbatia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, machozi yananitoka kwa furaha. Mzima, mume wangu mzima! Watu wa foleni wakanipa pole. Kisha nikaona binti anatazama chini, hataki macho yetu yakutane, nami nikaelewa.

Kumbe alikuwa hapahapa mjini. Safari zote hizo. Nikakumbuka anavyoingia jioni amenyooka, shati limepigwa pasi, akidai ndege imemkata hamu ya kula. Niliwahi kuona kifungo cha shati lake kimeshonwa kwa mkono nisioujua, mimi fundi wa nguo, nikajisemea labda ni dobi. Lakini kilichonichoma kuliko hata huyo mshonaji ni njaa. Alijua sili. Alikaa huko akashiba, akijua sili.

Nyumbani nilipakua chakula chake, nikala nimesimama, bila hamu, mpaka sufuria ikabaki tupu. Jioni simu ikalia.

"Mke wangu, ndiyo kwanza tunatua. Kula sasa."

"Nimeshakula."

"He! Leo umeshindwa kunisubiri?"

"Nimekusubiri," nikamwambia. "Nimekula baada ya wewe kutua. Ofisi ya tiketi wameniambia mlifika salama asubuhi."

Nikakata simu, nikaenda kutia komeo mlangoni.