Kipande cha Reli cha Mzee Shigela

Wanunuzi wa vyuma chakavu walisema watafika saa nne, na tangu alfajiri jambo hilo lilimkaa Bi Sabina kama mwiba wa samaki kooni. Walikuwa waje kuchukua kipande cha reli, urefu wa mkono wa mtu mzima, kilichoning'inia kwa mnyororo mlangoni mwa stesheni ya Mwanza. Baba yake, mzee Shigela, alikigonga miaka thelathini kuita abiria. Babu yake, Mayala, alibeba mataruma ya kulazia reli mabegani mpaka njia ikafika ziwani. Na yeye mwenyewe alifagia ukumbi wa abiria tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na sasa anauza chai papo hapo. Mwulize stesheni hii imebeba nini, atakutajia bila kuvuta pumzi: pamba ya Usukumani, sangara, mahindi ya miaka ya njaa, wanafunzi na masanduku yao ya bati, maharusi, hata maiti za watu waliotaka kulala kwao.

"Masta," alimwambia Obedi, mkuu wa stesheni, akimmiminia chai, "chuma hiki hakili, hakinywi. Kimekukosea nini?"

"Shikamoo kwanza, bibi."

"Marahaba. Haya, jibu."

"Tuna vipaza sauti siku hizi. Ukigonga chuma, watu wanadhani tunaita mkutano wa kijiji."

"Umeme umekatika tangu asubuhi. Hivyo vipaza sauti vyako vimesema nini leo?"

Obedi akacheka, akanywa chai yake.

Treni ya Tabora ilikuwa iondoke saa mbili. Abiria tisa kutoka Bukoba, msafara wa harusi, walikuwa hawajaonekana. Meli yao ilikuwa imecheleweshwa na ukungu, na treni nyingine ni mpaka siku tatu zipite. Obedi alipiga simu zao zote, hazipatikani.

"Nawapa muda wa kugeuza kichwa tu," akasema. "Zaidi ya hapo sina ruhusa."

Mwanza ndiyo mwisho wa reli. Kichwa cha treni hufunguliwa huku, kikazunguka, kikafungwa upande wa pili, na kikizunguka hupiga honi. Hapo ndipo wageni hukosea. Mtu yuko njia ya bandarini, anasikia honi ikienda mbali, anasema basi, nimeachwa, anageukia mabasi.

Honi ikalia. Bi Sabina akatoka mlangoni. Kule chini, kwenye barabara ya bandari, aliona watu na mizigo yao wamesimama. Mmoja akatua tenga. Wawili wakaanza kurudi.

Akainama chini ya meza ya chai, akatoa nyundo ya baba yake. Akagonga mara tatu, akapumzika, akagonga tatu tena. Mlio ukaenda mpaka kwenye mawe ya mlimani, ukarudi.

"Bibi! Nani kakuruhusu?"

"Shigela," akasema, akagonga tatu nyingine.

Kule chini mwanamke mmoja akainua mkono, akajitwika tenga, akaanza kukimbia. Wenzake wakamfuata.

Alifika akihema. Jina lake Kokulinda, shangazi wa bwana harusi. "Waitu, mama!" akamwita kwa heshima ya Kihaya. "Mama yangu alisafiri kupitia hapa ujana wake. Aliniambia honi ya Mwanza isikutishe, sikiliza chuma. Kikilia tatu tatu, treni ipo. Nikawaambia hawa, acheni ubishi, bebeni!"

"Mimi nilijua tu," akasema mzee Rugemalira, wa mwisho, fimbo mkononi.

"Ulijua nini, baba? Si ulishaita bodaboda!"

Wakapanda wakicheka. Kokulinda akamwachia Bi Sabina kifurushi cha buni zilizochemshwa, za kutafuna, kimefungwa kwa jani la mgomba, kama kwao wanavyomheshimu mwenyeji. Treni ikaondoka na watu wake wote tisa.

Saa nne wanunuzi walifika na mkokoteni. Obedi aliwatolea mizani mbovu ya ghalani.

"Na hicho cha mlangoni, bosi?"

"Hicho kiko kazini."

Walipokwenda, Obedi akasimama mbele ya chuma, mikono mfukoni. Bi Sabina akamwekea buni mbili kiganjani.

"Hebu nionyeshe, bibi. Tatu, halafu?"

"Halafu unapumzika." Akampa nyundo. "Na ushike taratibu, mwanangu. Usigonge kama unafukuza mbuzi."