Mlango wa Chumba cha Kujifungulia

Mwaka uliopita kijana mmoja wa chuo cha ujenzi alichana kwa hasira ramani ya kikundi chake mbele ya mwalimu, akaichana mara mbili ili watu wasidhani ni bahati mbaya. Akafelishwa somo. Sasa alikuwa analirudia, na barua ya chuo ilisema wazi: akifeli tena, afungashe virago arudi kwao.

Basi akaamua kujirekebisha. Maktabani aliokota kitabu kisicho na jalada, kinachoeleza habari za Wastoa, wanafalsafa wa kale waliofundisha kwamba kuna mambo yaliyo mikononi mwako na mengine hayamo, na hayo mengine usijiumize nayo moyo. Alisoma mpaka ukurasa wa kumi na mbili, akaona inatosha. Akapiga mstari katikati ya daftari. Upande wa yasiyo mikononi mwake aliandika mvua, mwalimu na wanakikundi wote. Upande wa pili aliandika pumzi. Haikupita wiki, wenzake wakamwita Jiwe.

Wenzake hao walikuwa wawili. Fundi alikuwa amejenga nyumba miaka sita kabla ya kuja chuoni, na hakumruhusu mtu asahau. Mama Pacha alikuwa mtu mzima, kawaacha watoto kwa mama yake ili arudi kusoma. Kazi waliyopewa ni kuchora zahanati, na kwa kuwa Jiwe ndiye mwenye mkono mzuri, yeye ndiye aliyeshika kalamu ya wino.

Ugomvi ulianzia kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia.

"Sentimita tisini," Fundi alisema. "Milango ya tisini inauzwa tayari. Ukizidisha hapo, mpaka uende kwa seremala akupige kalenda."

"Kitanda cha magurudumu hakipiti hapo, mdogo wangu."

"Kinapita ukikisukuma vizuri, dada."

"Ushawahi kukisukuma?"

Wakavutana siku nne. Siku ya tano Mama Pacha akamgeukia Jiwe. "Na wewe unasemaje?"

Jiwe alijua fika kwamba hakipiti. Alishapiga hesabu mwenyewe.

"Maoni yenu hayamo mikononi mwangu," akajibu.

"Nimekuuliza yako."

Jiwe akatabasamu kwa upole, tabasamu lililomfanya Mama Pacha atamani kumrushia rula. Kisha akachora tisini, kwa sababu Fundi ndiye aliyesema mwisho.

Siku ya kukabidhi kazi, mwisho ukiwa saa kumi alasiri, Mama Pacha alikuja kimya akakaa kimya. Jiwe akafurahi.

"Dada, naona na wewe umeanza kutulia."

"Sijatulia. Nimekuchoka." Hakupandisha sauti. "Mwanangu wa kwanza alizaliwa koridoni, kitanda kimenasa mlangoni. Nesi wawili wanabishana wavute au wasukume, wa tatu amesimama pembeni, mpole kama wewe. Pacha wake alisubiri tumboni mpaka wakang'oa fremu."

Jiwe aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Ulimi ulikuwa wake. Kalamu ilikuwa yake. Daftari zima, hakuna alipoviandika. Akachukua wembe, akaanza kukwangua wino.

"Unafanya nini?" Fundi aliruka. "Saa tisa hii!"

"Mita moja na ishirini."

"Nitakasirika."

"Kasirika, kaka. Hasira ni zako. Mlango nachora mimi."

Fundi alikasirika kweli, hakufanya mzaha. Mlango ulipopanuka ukala ukuta wa bafu, bafu nalo likala stoo, na walipofika ofisini ilikuwa saa kumi na dakika kumi na moja. Mwalimu, mtu asiyecheka hata akipigwa picha, akauliza nani kachelewesha. Kidole cha Fundi kilikuwa tayari hewani.

"Mimi," Jiwe akasema, akamwahi.

"Basi wewe alama kumi zimekwenda."

Alama ya kufaulu ilikuwa hamsini. Matokeo yalibandikwa baada ya wiki mbili: Mama Pacha sitini, Fundi sitini, Jiwe hamsini. Aliyasoma mara tatu, akifuata mstari kwa kidole. Kisha akalia, kilio cha sauti, kamasi na vyote, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Fundi akatazama kushoto na kulia, akamshika bega. "Bwana, tulia. Watu wanaangalia."

"Sitaki," Jiwe akasema, akaendelea kulia.