Mguu wa Tatu wa Swichi

Watu wa mtaani walimwita Fundi Kesho, na mwenyewe alicheka nao. Ukimpelekea redio, kesho. Pasi, kesho. Jokofu linalovuja, kesho asubuhi na mapema, na wewe unajua kabisa kwamba hiyo kesho haimo kwenye kalenda yoyote. Lakini walimvumilia, kwa sababu kifaa kilichopita mikononi mwake hakikurudi tena kwa ugonjwa uleule. Mvivu hakuwa. Alikuwa na kibanda kimoja, mikono miwili na ulimi usiojua kusema hapana.

Siku ya kumi na tisa baada ya kumzika mpwa wake, alifunga kibanda saa nne asubuhi, akatia bisibisi na mita ya kupimia umeme kwenye mkoba, akaenda kwa dada yake bila kuitwa.

Dada ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka saba, na dada, kwa miaka kumi na minne tu aliyokuwa nayo, aliacha shule akashika mwiko. Mpaka leo, fundi mwenye mvi kidevuni, akifika mlango ule alijikuta anafuta viatu mara mbili.

"Karibu, mdogo wangu," dada alisema. Kisha akauona mkoba. "Umekuja kwa ajili ya lile dude."

"Nimekuja kuliangalia, dada."

"Liko palepale." Akampisha.

Chumba cha marehemu kilikuwa kimefagiwa, kitanda kimetandikwa na shuka limevutwa likakaza. Nyuma ya mlango vilikuwapo viatu vyake vya kazini, vya kiwanda cha mikate, unga umeganda kwenye mishono. Na dirishani, ikiwa imeziba nusu ya mwanga, ilisimama mashine ya gemu: kabati la mbao refu kuliko mtu, kioo juu, vijiti viwili vya kuchezea, vitufe vyekundu vilivyofutika rangi kwa vidole vya watoto ambao sasa ni baba za watu.

Mpwa aliinunua ukumbi mmoja wa gemu ulipofungwa. Aliileta kwa mkokoteni yeye na wenzake wawili wa kiwandani, na ilibidi mlango ung'olewe bawaba ndipo ipite. Mama yake alimuuliza, "Wenzako wanaleta wake nyumbani, wewe umeniletea kabati?" Akajibiwa, "Huyu hali, mama, wala hanuni." Walicheka siku nzima.

Fundi alijua kwa nini mashine ile na si nyingine. Zamani, kibanda chake kilipakana na ukumbi wa namna hiyo. Mtoto akitoka shule alipitia kwa mjomba kumsubiri mama yake, na mjomba alimgeuzia kreti la soda apande juu, avifikie vijiti. Walicheza wawili. Mtoto alipofika miaka tisa, mjomba hakushinda tena hata mara moja, na hakuwa anamwachia makusudi.

Aliichomoa mashine ukutani, akapiga magoti, akafungua parafujo za mlango wa nyuma. Vumbi lilimpanda puani. Alipowasha tochi, alikuta mtu ametangulia kufanya kazi mle ndani.

Waya zilikuwa zimefungwa kwa mafungu, safi, kila fungu na kipande cha plasta kilichoandikwa herufi. Na kwenye ubao wa ndani, kwa penseli, kwa ule mwandiko wa kulalia kushoto ambao shule nzima ilishindwa kuunyoosha, palikuwa na maneno yamepangwa kushuka chini:

Plagi, nzima.
Waya wa ukutani, mzima.
Fyuzi, nzima.
Swichi, nimeweka mpya. Kosa bado. Mjomba.

Alisoma mara tatu. Anza ukutani, alizoea kumwambia, halafu fuata njia ya umeme kama unavyofuata mtu unayemdai, usirukie katikati. Kijana alikuwa ameanza ukutani. Alikuwa amefuata hatua kwa hatua, hakuruka hata moja, na mwisho wa njia akamwandika yeye, kama vile mjomba ni kifaa kilichobaki kupimwa.

Simu ya kwanza aliikumbuka vizuri. "Mjomba, inawaka nikiishikilia swichi kwa kidole. Nikiachia, inazima." Akamjibu, "Swichi imechoka hiyo. Hata wewe ungebonyezwa miaka ishirini ungechoka. Badilisha." Wiki iliyofuata, simu ya pili: "Nimebadilisha, mjomba. Hii mpya ina kitaa chekundu, nzuri kweli. Lakini nikiwasha, nyumba nzima inazima. Mama amenitukana, alikuwa anapiga pasi."

"Usiiguse tena. Nitakuja mwenyewe."

"Lini?"

"Kesho."

Walicheka wote wawili. Ikapita miezi miwili. Kila wiki mpwa aliuliza, na kila wiki palikuwa na jokofu la mtu limesimama au pampu ya mtu imeungua. Halafu Jumatatu moja kijana alirudi kutoka kazini anatetemeka kwa homa. Jumatano akawa hamtambui mama yake. Alhamisi jioni daktari alitokea kwenye korido ya hospitali, akavua miwani, akaanza kuifuta bila sababu, na fundi akajua kabla hajaambiwa.

Sasa aliivuta swichi kutoka kwenye tundu lake, akaigeuza. Hakuhitaji hata mita, lakini aliitoa akapima, kwa sababu mikono ilitaka kitu cha kufanya.

Swichi ya zamani ilikuwa na miguu miwili: umeme uingie, umeme utoke. Hii mpya ilikuwa na mitatu. Ule wa tatu ni wa kile kitaa chekundu tu, unataka waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme. Kijana aliubadilisha na mwenzake. Waya wa kupeleka umeme kwenye mashine aliufunga kwenye mguu wa kitaa, na nyutro akaufunga mahali pa mashine. Kwa hiyo kila alipobonyeza, umeme uliingia ukakutana na nyutro ana kwa ana, hauna kazi ya kufanya katikati, na swichi kuu ya nyumba ikakata. Ni kosa la kila anayeanza. Yeye mwenyewe alilifanya akiwa na miaka kumi na saba, likamla nyusi moja.

Akachomoa waya wa pili. Akachomoa wa tatu. Akazibadilisha nafasi. Akakaza.

Alirudisha plagi ukutani, akasimama, akabonyeza. Kitaa chekundu kiliwaka. Kioo kilitoa mstari mweupe, mstari ukapanuka, na muziki mwembamba wa kitoto ukajaa chumbani. Nyumba haikuzima.

Fundi aliketi kwenye ukingo wa kitanda kilichotandikwa. Hakulia hapo. Kilichomshika kilikuwa kibaya kuliko kilio. Alikuwa amekumbuka kwamba siku ile ya simu ya pili, kijana alipotamka tu "kitaa chekundu" na "nyumba nzima inazima", yeye alishajua. Alikuwa ameshika pasi ya mteja, simu ameibana begani, na moyoni akasema: ah, mguu wa tatu. Angeweza kumwambia palepale. Sentensi moja. Lakini hakutaka kuimaliza kwa simu. Alitaka kufika mwenyewe, apige magoti, ajifanye anahangaika kidogo, kisha aiwashe na kuuona uso wa mpwa wake. Alitaka kuwa mjomba. Na kwa kuwa alikuwa na jibu mfukoni, hakuona haraka.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika maji ya vyombo. Alitazama picha zilizokuwa zikicheza zenyewe kwenye kioo.

"Ndiyo hivyo inavyokuwa?"

"Ndiyo hivyo, dada."

"Alinieleza. Nilikuwa simwelewi." Alijipangusa kwa khanga. "Kuna fundi anakaa nyuma ya kiwanda, alijitolea kuja kuitengeneza. Akamkatalia. Akasema hii ni kazi ya mjomba."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Ilikuwa na nini?" dada aliuliza.

Uongo ulimjia wenyewe, umevaa vizuri. Angeweza kusema kuna kifaa kiliungua, kigumu kupatikana, kimemchukua muda. Fundi hakosi kisingizio. Alikuwa navyo vya kutosha mtaa mzima. Lakini aliyekuwa mbele yake ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Waya mbili alizipishanisha," alisema. "Basi. Mengine yote alifanya sawa. Sawa kabisa, dada, hata mimi nisingepanga vizuri hivi."

"Imekuchukua muda gani?"

"Dakika tano."

Muziki uliendelea kuimba peke yake. Dada alihesabu kitu kichwani, midomo ikisogea kidogo, na fundi akajua kuwa anahesabu wiki.

"Na angekuuliza kwenye simu?"

"Aliniuliza. Na nilijua. Nilijua siku ileile. Nilitaka nije mwenyewe."

Alingoja atukanwe. Aliomba atukanwe. Dada alikuja taratibu, akakaa pembeni yake kitandani, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Jioni alikuwa anavuta kiti anaketi mbele ya mashine ikiwa imezimwa," alisema. "Ananisimulia jinsi ulivyokuwa ukipigwa. Anaigiza mpaka ulivyokuwa ukilalamika kuwa kijiti chako kibovu." Alitaka kucheka, na kile kicheko kikamvunjikia kooni kikageuka kitu kingine. Ndipo wote wawili wakalia, kila mtu upande wake, kama watoto waliogombana.

Baada ya muda dada alisema, "Zima."

Akazima.

"Sikulaumu kwa kifo," alisema dada, akiinuka. "Homa haikuwa ya swichi. Lakini hizi jioni, mdogo wangu, hizi mlikuwa nazo mkaziacha. Hapo sina la kukwambia. Labda siku nyingine nitakuwa nalo."

Akarudi kwenye vyombo vyake.

Jumapili iliyofuata, wale wenzake wawili wa marehemu walikuja na mkokoteni uleule. Dada ndiye aliyewaita. Hakuweza kuishi na mashine chumbani wala hakuweza kuiuza, kwa hiyo ikaenda kiwandani, kwenye chumba cha kupumzikia waoka mikate. Fundi alikwenda nayo. Aliwafungulia mlango wa nyuma, akawaonyesha ile orodha ya penseli, akawaambia mtu asije akaipaka rangi. Mmoja wao, jitu la mabega mapana, alisoma kimya, kisha akamwomba acheze naye mchezo mmoja. Fundi alikataa. Halafu akakubali. Alipigwa vibaya.

Siku hizi anafunga kibanda kila Ijumaa mchana anakwenda kwa dada yake. Wanakula, wanazungumza habari za goti lake dada na za mvua. Habari ya swichi haijafunguliwa tena. Zipo siku dada humsindikiza mpaka njia panda, na zipo siku huagana naye mlangoni tu, na yeye hajawahi kuuliza kwa nini leo iwe hivi na juzi iwe vile.