Mto wa Baada ya Saa Kumi na Moja

Verlene Stidham alifika kazini saa mbili kasoro dakika tano, akaweka chakula chake cha mchana kwenye jokofu la ofisi, akasimama dirishani na kahawa mkononi kuutazama Mto Tansy. Maji yalikuwa ya kahawia, yamejaa kidogo kuliko jana. Saa mbili ilipotimia alipitisha kitambulisho chake kwenye kile kidude cha mlangoni, kikalia, na mto ukaondoka. Zikabaki kingo mbili za nyasi na daraja la chuma lililovuka pengo lisilo na kitu, lori la mikate likipita juu yake. Verlene akaketi kuandika utabiri wa wilaya nzima, isipokuwa mto.

Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka kadhaa sasa. Ofisi ya hali ya hewa iko chini ya wizara ya biashara, usiniulize kwa nini, na kila mwaka kule Washington bunge hupitisha sheria moja ndefu ya matumizi, inayogawa fedha za biashara, za mahakama na magereza, na za sayansi hadi vyombo vya kwenda mwezini. Katikati ya sheria hiyo, baada ya kifungu cha samani za majaji, kuna mstari mmoja: hakuna fedha iliyotolewa humu itakayotumika kuuona, kuupima wala kuutabiri Mto Tansy, Kentucky. Aliyeuchomeka ni mbunge wetu mwenyewe. Wenye machimbo ya changarawe kule juu walikuwa wameuchimba ukingo mpaka ukalegea, na kila mafuriko yalipotabiriwa magazeti yaliwataja, nao wakachoka kutajwa. Mbunge wetu ni mtu wa kusaidia marafiki. Tangu hapo, yeyote anayelipwa kwa fedha za sheria ile hauoni mto kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo huuona kama mtu mwingine yeyote.

Ofisini walishazoea. Mkuu wa kituo, Bi Marsha Pruitt, aliwaambia wageni kwamba mstari wao si mbaya kuliko mingine. Wenzao wa idara ya samaki, kule pwani ya kaskazini, walikatazwa samaki aitwaye mkunga, na kila siku huvuta nyavu, wakaziandika kuwa ni tupu, huku mkono wa mwandishi ukiteleza kwa ute.

Tabu ya Verlene ilikuwa baba yake. Mzee Hobert aliishi ukingoni, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, na wa kuinunua hakuwapo ila wenye machimbo, kwa bei ya kumtukania. Verlene alikwisha kumsihi mara nyingi ahamie kwake mlimani. Mzee alisema atahama siku king'ora cha serikali kitakapolia, kwa kuwa king'ora hakina hasira wala huruma, na binti yake alikuwa na vyote viwili. Kuacha kazi nako Verlene hakuweza. Mshahara wake ndio ulionunua mitungi ya hewa, maana mgodi ulikuwa umemwachia mzee mapafu ya kujishikiza tu. Basi kila siku alikaa mezani pake akitabiri jua na mawingu, na nyuma ya kioo chake baba yake aliishi kando ya kitu asichoruhusiwa kukijua.

Mwezi wa kumi bunge lilishindwa kuelewana na fedha zikakatika. Ofisi nyingi zilifungwa, lakini watu wa hali ya hewa huhesabiwa kuwa wa lazima, kwa hiyo waliamriwa waje kazini bila malipo. Asubuhi ya kwanza Verlene alipitisha kitambulisho, kikalia, na mto ukabaki palepale. Curtis Boggs, mwenzake wa meza ya pili, alisogea dirishani akasema umepanuka. Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Fedha hazikuwa zikitumika, basi sheria haikuwa na la kukataza.

Haukupita muda, mabaki ya kimbunga yalipanda kutoka kusini yakakaa juu ya milima yetu. Verlene aliyaona maji yakiula ule ukingo uliochimbwa. Akapiga hesabu, Curtis akazihakiki, na saa nne asubuhi wakabonyeza king'ora kwa pamoja. Bonde zima likapanda mlimani. Mzee Hobert alifika kwa Verlene akiwa na mtungi wa hewa mkono mmoja na sufuria ya maharagwe mkono wa pili, akasema king'ora kimemkuta hajatia chumvi. Mchana ule mto ulichukua nyumba yake na nyumba za majirani wawili. Hakufa mtu.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri kuliko yote aliyoyapata Verlene tangu mama yake afariki. Mzee alilala kwenye kochi la sebuleni, akalalamikia runinga, akalalamikia mkate wa mahindi kwamba umetiwa sukari kama keki. Verlene alirudi nyumbani kila jioni akimkuta. Wakati huohuo Curtis aliuza mashua yake, kisha bunduki ya babu yake, kwa sababu mkewe husafishwa figo kila baada ya siku moja na hospitali haisubiri bunge. Ofisi nzima iliomba sheria ipite. Verlene peke yake aliomba isipite, na kila alipomwona Curtis aliona aibu.

Aliomba hivyo kwa kuwa alijua. Sheria ikipita, hulipa saa zote zilizofanyiwa kazi bila malipo, na saa iliyolipwa huwa ya sheria tangu mwanzo, pamoja na mstari wake. Wale wa samaki walishapitia hayo wakati mwingine fedha zilipokatika. Walihesabu mikunga mwezi mzima wakifurahi, kisha mshahara ukaingia na mikunga ikawa haijahesabiwa, na hata ile waliyoiokoa kwenye bwawa la mtambo wa umeme ikawa imekufa zamani.

Mwezi wa kumi na moja bunge likaelewana. Verlene aliusoma muswada wote. Mstari ulikuwamo, umebadilishwa namba tu. Alipiga simu kwa bwana wa mishahara, aliyekuwa mji mwingine kabisa, akamwomba saa moja tu, ile ya king'ora, iandikwe kwamba alikuwa likizo bila malipo. Curtis alikuwa amesimama nyuma yake, naye akasema aondolewe saa hiyohiyo. Bwana wa mishahara alikuwa mtu mpole. Alieleza kwamba likizo zote zilifutwa fedha zilipokatika, na kwamba sheria inasema watalipwa, haisemi wakitaka.

"Mama, miaka yote niliyokaa hapa hajawahi mtu kuniomba apunguziwe," alisema. "Hata fomu yake haipo."

Verlene aliuliza kama anaweza kuzirudisha fedha zikishaingia. Bwana yule akasema anaweza, serikali hupokea zawadi, lakini zitakuwa zimeshalipwa.

Alhamisi jioni alipika viazi na nyama ya nguruwe, chakula alichokipenda mzee. Walikula sebuleni.

"Wamesaini," Verlene alisema.

"Nimesikia redioni. Mtalipwa lini?"

"Kesho alfajiri."

"Saa zote?"

"Zote, baba."

Mzee alitafuna taratibu, akapumzika kuvuta hewa. "Basi Curtis atalipa hospitali."

Verlene alimweleza habari ya simu. Mzee akatikisa kichwa, akasema yule bwana wa mishahara asilaumiwe, naye ana watoto wa kulisha. Hapo Verlene alikasirika. Alimwambia kwamba angehama alipoambiwa, wasingekuwa wanaongea haya.

"Uliniambia baada ya saa kumi na moja," alisema mzee. "Saa hiyo wewe ni binti yangu tu. Mabinti husema mengi, mwanangu. Kichwa changu hiki unakijua. Bila king'ora ningekaa palepale, nakoroga sufuria."

"Najua."

"Kwa hiyo nilikaa?"

Verlene alimwongezea nyama. Mzee aliiona sura yake akaacha kuuliza. Alimaliza nyama, akasukuma sahani, akasema mkate wa leo haukuwa na sukari na kwamba hatimaye binti yake amejifunza. Kisha akavuta blanketi.

"Kesho usiniamshe," alisema.

Alfajiri fedha ziliingia. Verlene alipofika sebuleni kochi lilikuwa na mito yake mitatu imepangwa, na blanketi lilikuwa kabatini, limekunjwa, lina harufu ya dawa ya nondo. Jikoni palikuwa na sahani moja chafu. Kumbukumbu hailipwi na mtu, basi hiyo aliachiwa. Alikwenda kazini, akaandika utabiri wa jua, na Curtis akamletea kikombe cha kahawa akakiweka mezani.

Jumamosi aliteremka bondeni. Binamu yake Opal alimwona kwa mbali akatoka kumpokea. Walipanda pamoja hadi makaburini kwa Wastidham, juu ya zizi la zamani. Kaburi la Mzee Hobert lilikuwa limeshatulia, udongo umeshikana, na nyasi zimeanza kuota upande wa jua. Maua yalikuwa yamekauka. Opal alisema yale ya manjano yaliletwa na Verlene.

"Nilikuja?" Verlene aliuliza.

"Ulikuja. Uliimba na ule wimbo aliokuwa akiupenda."

"Niliimba vizuri?"

"Vizuri. Sauti ilikukatika mwishoni, Marsha akakushika." Opal alimtazama. "Hukumbuki? Si kitu, dada. Msiba humfanya mtu hivyo."

Verlene aliuliza walimkuta wapi. Opal akasema jikoni, katika mabaki ya nyumba yake, na kwamba alishamwambia siku ile. Kisha Verlene akaketi kwenye nyasi, akaanza kulia kwa sauti kubwa. Opal, aliyekuwa ameshamaliza kulia, akaketi kando akamngoja.