Karamu ya Kumwingiza Goodson

Mwaka 1997 hifadhi ya ndege kando ya Ziwa Mweru ilileta basi la kubeba wageni. Magari yao yalikatazwa kuingia, maana yalikuwa yakikanyaga mayai ya ndege mchangani. Kwa hiyo tangu Mei mpaka Oktoba, kabla mvua haijageuza barabara kuwa uji, basi jeupe lenye viti vya kitambaa lilitoka langoni kila asubuhi, tupu, likaenda kuchukua wageni Nchelenge mjini. Dereva wake alikuwa Goodson, mkwe wa Emilienne.

Emilienne alikuwa mjane wa kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Aliishi kijiji cha jirani na lango, kilomita tisa kutoka sokoni, na kila asubuhi alijitwika beseni la samaki wa kisiwa cha Chisenga, akazitembea zote tisa. Akichelewa, anakuta lori la barafu limeshaondoka na wanunuzi wake, na samaki wa kushinda juani ni wa mbwa. Mwaka huo goti lake la kushoto lilianza kumgomea. Likigoma kabisa, basi tena, biashara ya miaka ishirini imekwisha. Na basi la mkwe wake lilimpita kila siku, barabara ile ile, saa ile ile, likielekea kule kule.

Lakini mkwe ni mkwe. Kwao Kilwa na hapa Nchelenge mila ni moja: mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali naye, wala haingii nyumbani mwake, mpaka siku mama mkwe atakapompikia karamu ya kumwingiza. Kwa hiyo Emilienne akisikia mngurumo wa basi alishuka barabarani, akaingia majanini, akaligeuzia mgongo. Goodson naye aligeuza uso upande wa ziwa, akapita. Watu waliona, wakasifu.

Mwenya, muuza samaki mwenzake, hakuwa mtu wa kumeza neno.

"Mukwe wako anapita bule," alisema. "Mu bisi hamuna hata mutu, na weye unavunja miguu."

"Ile njo heshima, Mwenya. Atanibeba namna gani na hajaingizwa? Ule mutoto iko na adabu."

Adabu. Kama adabu ingekuwa dizeli, basi lile lingefika Lusaka bila kujazwa.

Katikati ya Agosti Goodson alipewa mapumziko ya siku mbili, na usukani akashika Patson, dereva wa akiba. Emilienne alikuwa ameshaanza kuingia majanini kwa mazoea aliposikia basi linasimama nyuma yake.

"Mama, mupande. Beseni muweke huku nyuma, kuko saki ya kutandika chini."

"Bosi wako hatakasirika?"

"Bosi mwenyewe alisemaka, tangu mwezi ya sita. Asubui bisi inaenda bule, tubebe batu ba mu kijiji. Goodson hakusemaka?"

Emilienne akapanda. Alifika sokoni mapema kuliko siku yoyote ya mwaka ule, akauza samaki wake wote barafu ya lori ikiwa bado nzima, na goti halikumuuma mpaka jioni. Mwingine angekasirika papo hapo. Yeye alirudi nyumbani akijilaumu. Kijana angembebaje mtu ambaye haruhusiwi kumtazama? Amemuoa binti yake Arlène mwaka wa pili sasa, na karamu ya kumwingiza haijapikwa. Kosa ni langu, alijiambia, nimemfungia mtoto wa watu mlango halafu nangoja aingie.

Basi akapika. Wiki nzima hakwenda sokoni. Alichinja kuku watatu, pamoja na yule mtetea aliyekuwa akitaga bado. Alipika samaki wabichi na wakavu, wakavu akawaunga kwa karanga, akapika sombe la majani ya muhogo, maharage, na bukari, ugali wa kwao, ya kutosha ukoo mzima. Arlène alikuja kumsaidia kutwanga, akawa mkimya kupita kawaida yake. Mama mtu alidhani ana mimba.

Jumapili baada ya ibada Goodson alikuja, amevaa shati la kazi lenye picha ya ndege kifuani. Alikalishwa mkekani nje. Mwenya alifunua sahani moja moja na kuieleza, hii ni ya kukuonyesha samaki wa mama, hii ni ya kukuonyesha kuku wake, na Goodson akaonja zote kama inavyotakiwa, akaongeza pale kwenye kuku. Kisha akaongozwa ndani, na kwa mara ya kwanza wakatazamana. Emilienne alimpa mkono. Machozi yalimtoka, ya furaha kabisa.

"Sasa, mwanangu, njia iko wazi."

"Ndiyo, mama. Njia iko wazi."

Jumatatu Emilienne hakuingia majanini. Alisimama kando ya barabara na beseni lake limefunikwa vizuri, gunia la kutandika chini amelikunja kwapani, uso ameuelekeza kule basi linakotokea. Mwenya alisimama naye. Basi lilikuja, viti vyote vitupu. Goodson alimwona. Hakugeukia ziwa. Alimtazama usoni, akatabasamu, akainua mkono hadi kwenye kofia kama alivyofundishwa kuwasalimu wageni, na akapita.

Vumbi lilipotua, Mwenya alimtazama mwenzake. Emilienne alijitwika beseni, wakatembea kilomita zote tisa.

Jioni Arlène alikuja, akasimama mlangoni, macho chini.

"Mama, musikasirike. Yee anasema, arufu ya samaki inabakia mu viti. Bageni habapendi."

"Patson alinibeba."

"Patson hasikii haya, mama. Yee anasema, na sasa batu ba kazi banajua weye njo mama-mukwe yake, batamucheka."

Akatoa kifurushi kwenye kitenge chake, akakiweka juu ya meza haraka, kama kitu cha moto. Vilikuwa vipande sita vya sabuni, vidogo, vimefungwa kwa karatasi ya kung'aa, sabuni za wageni, vyenye harufu ya maua.

"Goodson amekutumia," alisema.

Emilienne alizitazama. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na aibu, si ya samaki, bali ya mtetea wake na ya yale machozi. Alimwambia bintiye arudi kwake, giza linaingia.

Jumanne, aliposikia mngurumo, alishuka tena barabarani. Mila haikumdai hilo tena. Aliingia majanini mpaka umande ukamlowesha magoti, akaligeuzia basi mgongo, na akangoja lipite.