Sidiria Mbili za Yaqoob

Jumatano asubuhi, katika soko la wanawake la Ibra, Omani, ambako mwanamume hatii mguu, Kuruthum alisimama nyuma ya pazia la kanga, mikono juu, akipimwa kifua na Bibi Tufool. Alikuja kununua hina tu. Bibi Tufool, muuza nguo za ndani aliyemjua mamake tangu Unguja, alimwona anavyokwenda kashusha bega, akamwita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kakufunga hivyo, mwanangu, kama mbuzi wa Idi?"

Sidiria aliyokuja nayo ilikuwa imempanda mgongoni hadi kati ya mabega. Vikombe vilimwacha nusu ndani, nusu nje, na mikanda ya juu ilikuwa imemchimba mifereji miwili ambayo kidole kingelala kikatulia. Kuruthum alidhani ndivyo mwili unavyokuwa mtu akishazaa. Alikuwa amedhani hivyo tangu mwanawe wa kwanza, ambaye sasa alikuwa chuoni Nizwa na ana ndevu.

Bibi Tufool alizungusha utepe chini ya kifua, akauzungusha na juu yake, akatoa sidiria nyingine, pana na isiyo na mapambo.

"Inama kwanza, ujimiminie ndani. Haya, simama. Mkanda wa chini ndio unaobeba, huu wa begani kazi yake kushikilia tu. Pitisha vidole viwili hapa. Vinapita? Bass. Mpya hufungwa ndoano ya nje, ikilegea unasogea ndani."

Kuruthum akavuta pumzi, ikashuka mpaka mahali ambapo haikuwa imefika kwa miaka. Kilichofuata pumzi hiyo hakikuwa furaha. Ilikuwa hasira, tena hasira iliyoshiba.

"Sasa sikiliza," alisema Bibi Tufool, akiikunja ile ya zamani. "Mbano haupotei, unahama. Unakwenda kwa aliyenunua. Hii kanunua nani?"

Alinunua mumewe. Yaqoob alimkataza kuingia maduka ya nguo za ndani kwa kuwa wauzaji ni wanaume, akawa anakwenda mwenyewe, akimwonyesha muuzaji ukubwa kwa kiganja. Kuruthum angeweza kusema amenunua yeye, na mbano ungeangukia mkekani ukafagiliwa jioni pamoja na nyuzi. Wako wanawake waliofanya hivyo. Yeye alitaja jina la mumewe, la babake, la babu na la kabila, akaongeza na nambari ya gari, maana Ibra ina akina Yaqoob wengi.

"Inatosha," alisema Bibi Tufool. "Hapo haupotei njia."

Alipofika nyumbani alimkuta Yaqoob sebuleni, kajikunja, kanzu yake ya dishidashi imemwingia mabegani mistari miwili. Alikuwa hawezi kuinua mkono kufikia rimoti. Kuruthum akampa rimoti, akaenda kuosha mchele. Alijisikia vizuri sana.

Kesho yake Yaqoob alikwenda hospitali. Kwenye viti vya kungojea walikuwako wanaume wengine wamekaa upande upande, wakisalimiana bila kuulizana kitu, kama ilivyo desturi siku inayofuata soko. Daktari Hazim, kijana mpole, alimtazama mgongo.

"Ni sidiria, ammi. Ndogo mno. Nitakuandikia dawa ya kuchua, lakini dawa khasa ni kununua saizi ya mkeo."

Yaqoob akarudi, akamwuliza mkewe saizi yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza. Kuruthum alimwambia, na moyo, ule mpumbavu, ukalainika kidogo. Alfajiri ya Ijumaa iliyofuata mambo yangekuwa yamekwisha, kama Kuruthum asingeingia garini kuchukua tasbihi ambayo mumewe aliisahau, akakuta chini ya kiti mfuko wenye sidiria mbili, zote za saizi yake.

"Hii nyingine ya nani?"

"Ya Shurooq," alisema Yaqoob.

Shurooq alikuwa mkewe mwingine, wa Ashkhara huko pwani, aliyemwoa mwaka wa pili baada ya kumwoa Kuruthum. Kila Alkhamisi aliyosema anakwenda kusimamia biashara ya papa mkavu, alikuwa anakwenda kwake. Yaqoob alieleza bila kubabaika, kwani kwa maoni yake hakuwa na deni na mtu.

"Mimi mwadilifu, wallahi. Nikimnunulia huyu, namnunulia na huyu, sawasawa, nisije nikaulizwa na Mungu."

"Na ile saizi ya zamani?"

"Ilikuwa saizi ya Shurooq."

Kikulacho ki nguoni mwako, na Kuruthum alikuwa amekivaa, akakifua na kukianika juani. Alimpa tasbihi yake akaingia ndani.

Wiki chache Yaqoob alitembea wima. Halafu siku moja alirudi kutoka dukani akaweka juu ya meza sidiria ndogo, saizi ile ile ya miaka yote. Pacha wa sidiria hiyo alikuwa garini.

"Shurooq analalamika. Zile zinamlegea."

"Si umnunulie saizi yake, na mimi yangu."

"Zikiwa tofauti si uadilifu."

"Na mimi je?"

"Wewe umeshazoea."

"Mbano utakurudia, Yaqoob."

"Naujua," alisema. "Nami nitazoea. Lakini Alkhamisi nakwenda."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomkata Kuruthum kuliko yote. Mtu huyu hakupata kumbebea yeye hata kikapu cha tende, na leo alikuwa tayari kubeba kifua kizima kwa ajili ya mwanamke wa Ashkhara.

Sidiria haijali imevishwa nani. Alkhamisi ilipofika Kuruthum aliipeleka jikoni, akaizungusha kwenye mtungi wa gesi, akaegemeza goti, akavuta mpaka ndoano zikashikana. Sebuleni akasikia Yaqoob akiguna. Akavuta na mikanda ya begani, akaipitisha kwenye mkono wa mtungi na kuifunga fundo.

Akatoka kusimama mlangoni. Yaqoob alikuwa akielekea kwenye gari amepinda, mkono ubavuni, akisimama kila hatua kutafuta pumzi. Jirani yao Marzouq, ambaye naye siku hizo alikuwa hanyooki, alimfungulia mlango wa gari, wakatakiana salama. Kuruthum alitaka mumewe aumie, na aliumia. Alitaka pia abaki. Hilo hakumwambia Bibi Tufool, na hata angemwambia, hakuna sidiria ya kazi hiyo.

Gari lilikwenda taratibu hadi barabara kuu, likawasha taa ya kukunja kona, likashika njia ya Ashkhara.