Ndege Walioimba Ndani ya Simu

Mawele yalikuwa yamekomaa, na bibi Igoki alikuwa juu ya ulingo tangu alfajiri, kombeo mkononi. Chini yake mjukuu wake Tabby alikuwa akijizoeza maelezo peke yake, akikosea na kuanza upya. Saa nne walimu wa chuo wangempigia simu kumsaili. Nafasi ya kwenda Norwei kusomea nuru ya angani, ile ya rangi inayoonekana usiku kaskazini ya mbali, ilikuwa moja tu, na walitaka aeleze kwa nini nuru ile huwaka na kufifia, kwa maneno ya kueleweka hata na asiyejua fizikia.

Ghafla: twii! twii! twiiu! Kundi zima.

"Wezi wameingia!" Igoki akavurumisha jiwe. Hakuna hata unyoya ulioruka.

Tabby alicheka hadi akakaa chini. "Cucu, ni simu! Nimefungulia rekodi. Hayo ni mawimbi ya huko juu sana. Chombo cha angani kimeyanasa, yakageuzwa sauti."

"Nicheke tu, jioni utapika mwenyewe. Mawimbi yanalia kama ndege yakitafuta nini?"

"Kuna elektroni, chembe za umeme, zimeshikwa na usumaku wa dunia. Wimbi likija..." Akakwama tena.

Hapo ndege wa kweli wakashuka. Igoki akainua kombeo, kisha akalishusha.

"Kitendawili!"

"Cucu, saa nne imefika!"

"Kitendawili, nimesema."

"Haya, tega."

"Mvua yangu hainyeshi mpaka wageni waketi."

Masuke yakatikisika, punje zikamwagika juu ya bati kuukuu lililolala chini ya mawele: ta-ta-ta-ta. Ndege wakapaa, kimya. Wakatua tena, ta-ta-ta. Igoki aliyatazama mawele yake yakiliwa, akauma mdomo, asirushe kitu.

"Punje," Tabby akanong'ona. Simu ikalia.

"Shikamoo, mwalimu. Niko shambani Kiambere. Suke limeshika punje, kama usumaku ulivyoshika elektroni. Ndege wakitua, zinamwagika, wakipaa, zinakoma. Ndege ndio mawimbi. Elektroni zikimwagika zinagonga hewa ya juu, nayo inawaka. Mawimbi yakitulia, inafifia. Yakirudi, inawaka tena."

Akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akainua uso, macho yamejaa machozi na kicheko.

"Cucu, wamesema nikatafute pasipoti!"

"Asante Mungu," Igoki akasema, akaokota jiwe. "Sasa sogea, mama. Wageni wameshiba."